Spika za Gari la Baba

Mpendwa kaka Mutiso,

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe hucheka, na ukicheka mimi husahau nilichotaka kusema. Kwa hiyo nimekaa hapa Katangi, mezani kwa mama, nakuandikia. Safari hii utanisikiliza mpaka mwisho.

Unakumbuka Jumamosi tulizokuwa tukiosha gari la Baba? Wewe ulikuwa darasa la saba, mimi la nne. Baba alikuwa anafungua milango yote minne, anawasha redio ya Kikamba, halafu anaketi kwenye stuli kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Wewe ulikuwa unaacha kitambaa, unaweka sikio mlangoni na kuniambia, "Ndunge, sikia, kuna mtu ako hapa ndani." Nilikuamini. Kwa muda mrefu niliogopa kufunga ule mlango kwa nguvu nisije nikamwumiza.

Baba alipostaafu ualimu, kitu cha kwanza alichojinunulia ni zile spika nne. Mama alinuna wiki nzima, maana yeye alitaka tangi la maji. Ni wewe uliyemchagulia. Mlienda Nairobi wawili, mkarudi mkiimba, na Baba akawa anamwambia kila jirani kwamba kijana wake ana masikio. Nakukumbusha haya ujue sijasahau kwamba ulikuwa mtoto mzuri.

Kisha sukari ikamla macho. Ulijua. Ulijua pia kwamba kila Jumanne na Ijumaa nilimpeleka kliniki Machakos mjini, na kwamba kwa mtu asiyeona, barabara ile haina vilima wala mashamba. Ina redio tu. Alipenda hasa matangazo ya vifo. "Huyo nilimfundisha," alikuwa akisema. "Kugawanya kulimshinda kabisa."

Krismasi ile ulikuja kutoka Syokimau na gari lako jipya. Uling'oa spika zote nne za Baba pale uani, bisibisi mkononi, ukipiga mluzi, ukazifunga kwenye lako. Nilipokuuliza, ulinijibu, "Baba hata haoni, spika kali hivi ni za nini? Nitamletea zingine wiki ijayo."

Haoni! Kana kwamba mtu husikiliza redio kwa macho.

Hiyo wiki ijayo yako ikafika Pasaka. Kila tulipoingia garini Baba alinyoosha mkono, akapapasa mlango pale palipobaki tundu, akauliza, "Mutiso ameleta?"

"Bado, Baba."

"Ako na kazi mingi, huyo."

Alikutetea kutoka Katangi mpaka Machakos, Mutiso. Nami nilipokupigia, ulinijibu, "Kwani redio ni dawa?"

Mwishowe nikauza kuku, nikaenda mwenyewe. Pale mjini kuna fundi wa redio za gari, mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Nilimwonyesha boksi jekundu lililoandikwa wati nyingi kweli kweli. Akacheka.

"Hiyo ni wino tu, dada. Gari yako haina amplifaya. Redio yake haiwezi kusukuma hizi. Nani atakuwa anasikiliza?"

Nikamwambia ni mzee wangu, haoni, anapenda habari.

"Basi wachana na besi. Besi ni ya vijana. Mzee anataka maneno."

Akanishauri nisahau spika za nyuma, pesa yote niiweke kwenye mbili za mbele anapokaa Baba. Akatoa za mtumba na kunionyesha jinsi ya kuzipima: unabonyeza ile karatasi ya katikati polepole kwa vidole vyote, ikikwaruza, hiyo imeungua. Jozi ya kwanza ilikwaruza. Ya pili ilikuwa nene, kioo cha dirisha kingekwama kikishuka. Ya tatu ilibonyea kimya. Nilisimama pale, vidole vina vumbi, nikifikiri kwamba hii ilikuwa kazi yako. Mwenye masikio kwetu ni wewe. Mimi nilikuwa nabahatisha.

Ijumaa hiyo Baba alipoketi, nikawasha. Mtangazaji akaongea pale pale karibu na goti lake. Baba aliganda. Akaweka kiganja mlangoni.

"Mutiso ameleta," akasema. Hakuwa anauliza.

Ningesema ukweli. Lakini hukuuona uso wake. Alikuwa amekungoja miezi yote hiyo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpa "bado" mara mbili kwa wiki. Nikasema, "Eeh, Baba. Ameleta."

Akaniambia nisimamishe gari kando ya barabara. Akavua kofia, akajitemea mate kidogo kifuani kama wazee wetu wanavyofanya wakibariki, akakutaja kwa majina yako yote. "Ngai akuathime, Mutiso. Mungu akubariki. Mkono wako usiwahi kukauka." Alikuombea kazi, alikuombea watoto, alikuombea uzee. Mimi nilishika usukani nikaitikia amina, na niliitikia kwa moyo wote. Alipomaliza aliniambia, "Haya, twende, tusichelewe." Hilo ndilo lililokuwa langu.

Alikufa kabla ya mvua ya Novemba. Na hata hayo ningekusamehe. Lakini kwenye matanga, mama alisimama mbele ya watu wa kanisa akakushukuru kwa spika ulizomnunulia Baba. Ulishtuka. Nilikuona. Ukanitazama, ukaelewa yote, kisha ukainamisha kichwa na kusema, "Ni kitu kidogo tu, mama." Watu wakakupigia makofi.

Sitaki pesa. Zile nne baki nazo. Baraka za Baba siwezi kukunyang'anya, maana aliyezitoa hayupo wa kuzirudisha. Lakini mama yuko hai, na bado anawasimulia wageni. Njoo umwambie kwa mdomo wako. Usipokuja, mimi sitamwambia. Nitamwacha aendelee kukusifu, na wewe utakuwa unaitikia.

Dada yako wa pekee,
Ndunge