Nani Atabaki na Shefu

Springfield, Virginia
Februari

Dada yangu mpenzi Elsa,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji na watoto wote hapo Lubumbashi. Goti lako linaendeleaje? Natumaini ile dawa ya kupaka imelisaidia na unapanda ngazi za kanisani bila kushikwa mkono. Sisi huku tunapumua, Mungu anatulinda. Nimekuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu ningelia, na wewe ungeogopa kabla sijakueleza lolote.

Unamkumbuka Shefu, yule kobe uliyemcheka kwenye picha. Sikuwahi kukuambia kwa nini Venuste alimleta. Ilikuwa baada ya mimba yetu ya tatu kutoka. Kuna familia moja ya Rockville iliyokuwa imechoka naye, na Venuste alisikia kazini kwamba kobe wa aina hiyo anaishi miaka themanini, hata zaidi. Akaenda kumchukua siku hiyohiyo. Aliniambia anataka kitu kimoja tu ndani ya nyumba hii ambacho hakitatufia mikononi. Nilikata majani ya kabichi nikampa Shefu, akala.

Shida ni kwamba Shefu ni wa nchi za joto. Kobe wa huku hujichimbia ardhini baridi ikija na kulala mpaka majani yachipue. Huyu akipatwa na baridi kali anakufa tu. Kwa hiyo Venuste alimjengea kibanda nyuma ya nyumba, akakizibaziba kila ufa, akaweka hita ya umeme. Na Shefu anakua, dada. Sasa hivi ni mzito kama mfuko wa saruji, na hajafika hata nusu.

Mwezi uliopita ikanyesha mvua ya barafu. Asubuhi Venuste alikwenda kazini, mimi nilikuwa na mapumziko. Mchana tawi la mti wa jirani likaelemewa na barafu, likaangukia nyaya, umeme ukakatika mtaa mzima. Nilimpigia Venuste. Alikuwa amekwama barabarani, magari yameteleza na kuziba njia. Akaniambia nisipoteze muda, nimbebe Shefu nimwingize ndani.

Nikasimama mlangoni na simu mkononi. Nilikuwa na sababu ya kutombeba, na sikuweza kumwambia Venuste. Nawe nakuomba usubiri kidogo, nitaifikia.

Nilibisha kwa majirani wa pande zote mbili, hakuna aliyefungua. Nikachukua blanketi, nikaenda kibandani. Kulikuwa kumeshapoa. Shefu alikuwa amerudisha kichwa ndani, na nilipomgusa mguu hakuuvuta. Nikamsukuma kwa mguu mpaka akakaa juu ya blanketi, kisha nikakaa chini kwenye barafu nikawa namvuta kidogo kidogo, huku nikijisogeza kwa makalio kama mtoto. Ungeniona ungecheka. Kizingiti cha mlango wa jikoni ndicho kilichonishinda. Nilivuta, akakwama. Nikavuta tena kwa nguvu zote, akapita, na hapohapo nikasikia maumivu chini ya kitovu.

Bahati jiko letu ni la gesi. Niliwasha kwa kiberiti, nikachemsha maji, nikajaza chupa, nikazifunga taulo na kuzipanga kumzunguka. Kisha nikalala ubavu sakafuni kando yake, sikuthubutu kusogea. Nilikuwa nasikiliza mwili wangu. Shefu alipotoa kichwa hata sikufurahi. Venuste alinikuta hivyohivyo, uso umelowa machozi. Akaniuliza nalia nini na kobe ni mzima.

Wiki iliyofuata tulimpeleka kwa daktari wa wanyama. Alimsikiliza mapafu, akasema amepona kwa bahati. Kisha akatukalisha chini. Akasema kumfuga kobe huyu kwenye nchi ya baridi kunahitaji mpango wa miaka mingi: chumba chenye joto ndani ya nyumba, betri kubwa ya akiba umeme ukikatika, na mtu wa kumrithi. Akatutazama vizuri, mimi na mvi zangu, akauliza kwa upole, sisi tukiondoka, nani atabaki naye.

Venuste alitazama viatu vyake. Mimi nikasikia sauti yangu ikisema, “Mtoto wetu.”

Venuste akaniwekea mkono begani, kama mtu anayemtuliza mgonjwa. Akamwambia daktari polepole, “Hatuna mtoto.”

“Yupo,” nikasema. “Ana miezi minne.”

Ndiyo hiyo habari, dada. Nina mimba, kwa umri huu. Pale kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nilikuwa nimeomba nihamishiwe kwenye kufua mashuka, nisiwainue wazee. Venuste nilimficha kwa sababu mara tatu nilimwona akinunua rangi ya chumba cha mtoto, na mara tatu nikamwona akiyapeleka yale makopo nje. Nilitaka safari hii nianguke peke yangu.

Alitoka nje. Nilimkuta kwenye maegesho, hana koti, ameegemea gari kwa mikono miwili. Nilidhani atanifokea. Aliniuliza tu, “Siku ile, uliumia?” Nikamwambia ndiyo. Akarudi ndani kumchukua Shefu, akanifungulia mlango, tukaenda moja kwa moja hospitali. Shefu alikuwa kiti cha nyuma ndani ya boksi lake.

Tuliusikia moyo wa mtoto, dada. Unapiga haraka kama mtu anayekimbia. Daktari wa huko alisema maumivu yale hayakumdhuru, ila nipumzike, na kwamba hawezi kuniahidi kitu. Venuste hajanunua rangi. Amemhamishia Shefu chumba kile kitupu, chenye joto, na kila akitoka humo ananitazama tumbo.

Naogopa mno. Naogopa ngazi, naogopa kukohoa, naogopa kwenda msalani. Naomba usishone chochote na usitafute jina. Niandikie tu habari za huko, hata za bei ya unga, nipate cha kusoma nikisubiri. Kila asubuhi naweka mkono tumboni kabla sijafumbua macho, na mpaka leo bado anacheza.

Mbusu Mama kwa niaba yangu, na wasalimu wote wa kwaya.

Mdogo wako akupendaye,
Laurence