Kiingereza cha Mzee Sikazwe

Jumanne, 18 Juni 2024

Nimefika Mtowisa. Asubuhi kule juu mlimani, Kizwite ninakofundisha, nilivaa sweta. Huku bondeni nililowa jasho hata kabla ya kushuka kwenye basi. Shule imefungwa, na Jumamosi ni posa yangu! Enock anatoka Mbala, Zambia, analetwa na baba yake mdogo, Mzee Sikazwe, mwalimu mkuu mstaafu. Kiswahili hajui. Kimambwe chake na Kisukuma chetu havionani hata kwa mbali. Kwa hiyo ni Kiingereza — na nyumba nzima anayekijua vizuri ni mimi, ninayekifundisha. Lakini mposwa haketi kwenye posa yake, seuze kufungua mdomo. Baba kaamua kaka yangu Ngeleja atatafsiri. Ngeleja! Kiingereza cha kuombea maji.

Sina wasiwasi. Nitamnoa.

Jumatano, 19 Juni

Enock kanionya kwa simu: baba yake mdogo hamalizi sentensi bila methali. Haya. Nikamkalisha Ngeleja nyuma ya zizi. Nikamwambia, ukisikia kuku na hapa hakuna kuku, daraja na hapa hakuna mto, ujue ni msemo. Usitafsiri maneno. Mtazame usoni, kumbuka kilichotangulia, ujiulize mtu mzima wa kwetu angesemaje hapo. Nikamjaribu: "Don't count your chickens before they hatch." Akafikiri weee. Usikate mbeleko, mtoto hajazaliwa! Nilimpigia makofi.

Akauliza, je nikikwama? Nikamjibu, sema umekwama. Akacheka. Eti wanaume wa nyumba hii hawakwami mbele za watu.

Ijumaa, 21 Juni

Anaweza! "Blood is thicker than water" — damu nzito kuliko maji. "Better late than never" — kawia ufike! Mama alikuwa anachambua mchele anatusikiliza. Kasema kumbe Waingereza nao wana wazee.

Shangazi Otilia, ambaye ndiye sheria ya posa zote za ukoo, kaniwekea mpaka: kesho mwisho wako mlango wa jikoni. Sawa. Ilimradi mambo yaende. Namtaka Enock, simtaki mwingine.

Jumamosi, 22 Juni

Wageni walitarajiwa asubuhi, wamefika saa nane, wekundu kwa vumbi. Mzee Sikazwe na suti na tai, kwenye joto hili! Enock kaachwa kwenye gari, ndivyo ilivyo desturi. Mzee akaomba radhi kwa kuchelewa — "better late than never" — na Ngeleja papo hapo: kawia ufike! Wazee wakacheka. Mimi jikoni nusura nipige vigelegele.

Kisha mzee akasema, kwa upole kabisa, kwamba angependa familia zitembeleane kwanza, maana hakuna anayetaka kununua "a pig in a poke".

Huo sikumfundisha. Sema umekwama, Ngeleja. Sema!

Hakusema. Akajikohoza. "Anasema hawataki kununua nguruwe ndani ya gunia."

Kiti kilianguka. Baba alisikia nguruwe, gunia hakulisikia. "Binti yangu ndiye nguruwe? Waondoke! Waondoke sasa hivi!" Na mzee wa watu anageuza kichwa huku na huku, hajui amekosa nini.

Nikavuka mlango. Birika la chai mkononi. Nikapiga magoti.

"Baba, mgeni hajatutukana. Nguruwe wake ni mbuzi wetu. Hata wewe hununui mbuzi kwenye gunia. Anaomba mtembeleane, mjuane, basi."

Kisha nikamgeukia Mzee Sikazwe, nikamweleza kwa Kiingereza nguruwe wake amefikia wapi. Akavua miwani, akashika kichwa. Shangazi akanishika mkono, akanitoa.

Naandika nikiwa chumbani, daftari gotini. Sijutii, ningerudia hata sasa. Ukuta ni mwembamba, nasikia yote. Shangazi anasema mposwa aliyefungua mdomo kwenye posa yake ameivunja mwenyewe, wageni warudi na vitu vyao. Baba kimya. Naogopa kimya cha baba kuliko kelele zake.

Mzee Sikazwe anaongea tena. Kirefu. Sauti ya chini, inapita ukutani nusu nusu, mimi mwenyewe simpati vizuri.

Amemaliza. Wanamngoja Ngeleja.

"Baba, hapo nimekwama."

Kasema! Mbele za watu!

Shangazi anaanza tena, baba anamkatiza. "Otilia, ngoja." Kisha kwa Ngeleja:

"Kamwite mkalimani."

Miguu inakuja. Kanga yangu iko wapi —