Jemadari Hakuwa Mbwa Wangu

Mpwa wangu kipenzi,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na mumeo na huyo mjukuu wangu anayesemekana ana kichwa kama changu, pole yake. Sisi huku tunaendelea vizuri, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Mkaza mjomba wako hajambo, anakusalimu sana.

Barua yako niliipata Jumanne. Nimeisoma mara tatu: ya kwanza kwa macho, ya pili kwa miwani, na ya tatu kwa sauti kubwa pale karakanani, ili mafundi wenzangu wasikie kwamba mtu aliyesoma mpaka chuo anaomba ushauri kwa seremala aliyeiacha shule darasa la sita. Wapo wanaosema shule ndiyo iliyoniacha mimi. Waseme.

Unaniambia jirani yenu anahama na anatafuta mtu wa kumwachia mbwa wake, dume la miaka miwili, zito kama gunia la saruji na lenye kichwa kigumu kuliko saruji yenyewe. Mumeo yuko safarini wiki tatu katika kila nne, wewe na mtoto mnabaki wawili ndani ya nyumba kubwa, na jirani anataka jibu kabla ya Jumamosi ijayo. Ukamalizia kwa maneno ambayo nimetembea nayo kifuani kama medali: kwamba mimi ndiye niliyemfuga Jemadari, na nikisema ndiyo tu, unamchukua.

Na nani asiyemjua Jemadari? Akisimama kwa miguu ya nyuma alinizidi kimo, na mimi si mfupi. Akibweka, sufuria za jirani zilishuka zenyewe kwenye rafu. Punda wa muuza maji alimwona mara moja tu langoni, na tangu siku hiyo akawa anapitia mtaa wa pili, mpaka mwenye punda akalazimika kutafuta wateja wengine. Nikinyanyua kidole kimoja, Jemadari anakaa. Viwili, analala. Vitatu sikuwahi kufika, maana watu walikuwa wameshapiga makofi. Hivyo ndivyo nilivyowasimulia siku ya harusi yako, na mama yako, dada yangu yule asiyeniamini hata nikimtajia saa, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mwisho wake pia niliwasimulia: wezi watatu wenye mapanga, Jemadari akafa akiwa amemng'ang'ania mmoja mguu, na mke wangu akakatwa mkono akijaribu kumwokoa. Kila nikifika hapo kwenye hadithi, yeye hunyanyuka kwenda kutazama jiko, hata kama halina moto.

Nilishaanza kukuandikia jibu la ndiyo. Kurasa mbili zilijaa sifa. Kisha nikakumbuka kwamba mtoto wako ana miaka mitatu, umri wa kushika kila kinachopita, nikazichana. Hii unayoisoma ni barua nyingine.

Jemadari nilipewa na mteja niliyemtengenezea kabati. Alikuwa na miezi mitatu, na tayari unyayo wake ulikuwa mpana kama kikombe cha chai. Mkaza mjomba wako alisema tusimchukue, hatujui kufuga mnyama wa namna hiyo. Mimi nikamwambia mtu anayejulikana kama mimi anahitaji mbwa wa kulingana naye. Tafadhali lishike hilo, mpwa wangu. Sikumchukua kwa ajili ya ulinzi, kwa kuwa sisi hatuna cha kuibiwa. Nilimchukua ili watu waulize, jamani, huyo ni wa nani?

Mbwa wa aina ile si mjinga, na taabu iko hapo. Mbwa mwingine ukimwita anakuja. Yule anakutazama kwanza, anapima, kana kwamba anauliza, nije kwa lipi? Mimi dawa yangu ilikuwa kupaza sauti. Nikipaza sauti, anageuza uso kama mzee aliyekatizwa gazeti lake. Aliyemfundisha ni mkaza mjomba wako. Kila asubuhi, kabla hajakaa kwenye cherehani yake kushona sare za shule, alimtembeza nusu saa, iwe mvua iwe jua. Chakula kilitoka saa ileile, na hakikuguswa mpaka aambiwe, kwa sauti ndogo ambayo mimi hata siisikii vizuri. Hakumpiga hata siku moja. Neno moja alilirudia mara mia, kesho yake mia nyingine, bila kununa. Na pale niliponyanyua kidole mbele ya wageni, yeye alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu, akinong'ona. Mbwa alikuwa akimtazama yeye kupitia begani kwangu.

Sasa sikiliza. Jumapili moja mchana alikuja Sponji, fundi wa makochi tunayeshirikiana naye karakana, pamoja na wenzake wawili. Sponji ana macho, akaona ninachofanya. Akaanza utani wake, akaniuliza, "Fundi, huyu mbwa ni wako, au wewe na yeye wote ni wa mama?" Wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini kicheko kiliishia kwenye meno. Jemadari alikuwa anakula uani. Nikasema nitawaonyesha ni wa nani, nikaenda kumnyang'anya bakuli lake.

Akanguruma. Mkaza mjomba wako akaniita akisema nimwache ale, anachofanya ni kunionya tu. Sponji akadakia, "Haya baba, umeshaambiwa, mwache." Hapo kichwa kikavimba. Nikaokota kipande cha ubao nikampiga mgongoni, kisha nikampiga usoni. Aliponirukia, mke wangu alikuwa ameshaingia katikati yetu, amenyoosha mkono amshike ukosi, na meno yakafunga kwenye mkono huo. Jemadari aliachia palepale. Akarudi nyuma, akalala chini, akajikunyata pembeni mwa ukuta, mnyama mkubwa vile.

Basi hakukuwa na wezi wala mapanga. Mshipa wa dole gumba ulikatika, wakaushona, lakini dole gumba halikurudi. Mpaka leo mkaza mjomba wako hawezi kushika mkasi. Miaka sita sasa amenisitiri, hakumwambia mtu, hata mama yako, na wezi wangu watatu amewavumilia kila nilipowaleta mezani.

Lakini nina jambo jingine, mpwa wangu, ambalo hata yeye hakulijua.

Kesho yake, mkaza mjomba wako akiwa bado amelazwa hospitalini, alikuja daktari wa mifugo, mama mmoja mpole mwenye mabuti ya mpira. Aliangalia kadi ya chanjo, akaona iko sawa. Akanieleza kwamba kama mbwa alichokozwa, tumfunge siku kumi tumwangalie, kisha afundishwe upya, anafundishika. Ila kama ameng'ata bila sababu, mbwa wa ukubwa ule yeye hawezi kunishauri nikae naye. Akaniuliza kama tulimfanya chochote. Sponji alikuwa amesimama langoni, anatazama viatu vyake. Nikasema hapana. Akaniuliza tena, polepole, kama mtu anayekushikia mlango upite. Nikasema hapana, ameanza tu mwenyewe.

Kamba niliishika mimi. Daktari akajaza sindano ya mwisho, akaomba nimkalishe. Nikamwambia Jemadari kaa, kwa sauti ndogo, kwa sababu nyingine haikutoka. Akakaa. Miaka minne niliyoishi naye, hiyo ndiyo mara ya kwanza yeye kunitii bila mtu kusimama nyuma yangu. Akawa ananitazama usoni, anangoja nimwambie kinachofuata.

Mke wangu aliporudi nilimwambia daktari alilazimisha, ndiyo sheria, sikuwa na la kufanya.

Jibu lako ni hili. Kabla ya kuuliza kama huyo mbwa ni mzuri, jiulize kama unayo nusu saa kila asubuhi, hata siku mtoto ana homa. Jiulize kama utaweza kusema neno moja mara mia bila hasira. Na zaidi ya yote, akikukatalia mbele za watu, je, utaona aibu? Kama utaona aibu, mwache aende kwa mwingine. Mpaka Jumamosi nenda kwa jirani kila siku, mtembeze wewe mwenyewe, umlishe wewe mwenyewe, na mtoto asikaribie bakuli. Utajua. Ila kama unamchukua kwa kuwa mjomba wako alimfuga Jemadari, usimchukue, maana mimi sikumfuga.

Nilitaka nifunge barua hapa. Nikaona si haki wewe uyajue haya kabla yake. Nimemwita mkaza mjomba wako, amekaa hapa mezani adhuhuri hii, nimemsomea yote tangu salamu. Hakunikatiza. Nilipomaliza akawa anakunja na kukunjua kitambaa cha meza kwa mkono mzima. Kisha akauliza jambo moja tu, kama Jemadari alilia. Nikamwambia hakulia, alilala taratibu kama mtu aliyeshikwa na usingizi.

Akanitazama. Akauliza, na hilo nalo ni kweli?

Ni kweli, mpwa wangu. Nimemwapia. Lakini nimeona anavyolitafutia neno langu mahali pa kuliweka, na hapapati.

Mama yako mpe barua hii aisome mwenyewe, usimfiche lolote. Mumeo akirudi mwambie namsalimu, na mtoto mpakate kwa niaba yangu. Mungu awalinde nyote, mkiwa na mbwa au bila mbwa.

Ni mimi mjomba wako,
Fundi.