Soko Jipya Nililolisoma Redioni

Jumanne. Mawingu tangu asubuhi, ile baridi ya Julai inayoufanya mji mzima uonekane umenuna.

Serikali mpya bado inasifiwa. Najua, kwa sababu mmoja wa wanaoisifu ni mimi. Nasoma habari katika kituo kimoja cha redio hapa katikati ya mji. Habari huja zimeshaandikwa, mimi nazitamka tu. Barabara zitajengwa, vijana watapata kazi. Kabla ya uchaguzi tulikuwa tukiuliza maswali. Siku hizi mhariri anasema tuwape muda, na muda wenyewe hauishi.

Siamini hata nusu ya ninayoyasoma. Lakini hainikoseshi usingizi. Kazi ni kazi, na sauti yangu si maoni yangu.

Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia.

Wiki jana nilisoma kwamba mtaa wa Kangemi utajengewa soko la kisasa na kwamba wachuuzi wamefurahi sana. Mama yangu anauza mboga za kienyeji katika soko la sasa la huko, pale langoni, mahali ambapo kila anayeingia lazima ampite. Mrenda na managu za pale ndizo zilizonisomesha.

Leo baada ya kazi nimempitia. Langoni hayupo. Nimemkuta nyuma kabisa, karibu na jaa la taka, mboga zimenyauka juu ya gunia. Wachuuzi waliombwa wahame kupisha ujenzi. Wenzake wamekataa kutoka mpaka waone tingatinga kwa macho yao. Yeye peke yake alihama, na nafasi yake sasa ina mtu wa viatu vya mitumba ambaye hana habari ya kuondoka. Ujenzi wenyewe haujaanza.

Nimekasirika. Nimemuuliza, yeye anayezima redio kila mwanasiasa akifungua mdomo, ameanza lini kuamini serikali?

“Serikali gani?” akasema, huku akinyunyizia managu maji. “Hiyo nilishaizoea. Si ni wewe ulisema kwa redio?”

Hakusema kwa lawama, na hilo ndilo limeniuma. Nimemsaidia kufunga gunia, tukaenda nyumbani.

Kesho nitamwambia mhariri kwamba hakuna hata jiwe lililowekwa pale Kangemi, na kwamba nataka kulisema hilo hewani, katika taarifa ya saa saba.

Na akikataa? Saa saba maikrofoni iko mbele yangu, na mama atakuwa amewasha redio.