Makovu ya Migunga

Kambi ya gundi, nyikani, mbele ya Kisiwani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu wako unaendeleaje? Mvua imenyesha huko Usangi? Mimi mzima, ila jua la huku limenikausha. Ukiniona utaniuliza mimi mtoto wa nani.

Unajua nilikuja kushika nafasi ya kaka Mbonea ili nijue alikopotelea. Nyapara anasema aliliwa na simba, basi. Kazi yetu ni kuchanja magome ya migunga, kungoja gundi itoke na kukauka, kisha kuibandua. Ndiyo inayobandika stempu ya barua hii. Juzi alipita daktari Mzungu kununua gunia moja. Nikamuuliza, la nini? Akacheka. "Ndani yake mna sukari, kijana. Naichemsha na tindikali mpaka itoke, halafu navilisha vijidudu vya maradhi. Vingine vinaila, vingine haviigusi. Hivyo ndivyo ninavyotambua ni vya ugonjwa gani."

Mama, naogopa kukuandikia haya, lakini matanga umeshayapanga. Kuna mtu anachanja miti kabla yetu. Nakuta gome bichi limefunguliwa kwa mkono wa kushoto, kutoka chini kwenda juu. Una mwana mmoja tu anayekata hivyo. Gundi inaliwa ingali laini, na inayobaki ina alama za meno. Nyayo hakuna. Wenzangu wanasema ni komba, maana komba anapenda gundi. Nikawauliza ni komba gani anayeshika shoka.

Niliacha ugali na maharage chini ya mti. Havikuguswa, ila gundi yote ya mti ule ilikuwa imekwisha. Jana nikamwita kwa jina. "Naam," akaitika, karibu kabisa na sikio langu. Nikageuka, hapakuwa na mtu.

Na makovu ya miti yanasogea upande wa milima ya kwetu. Leo yamevuka barabara ya Same.

Basi ahirisha matanga. Kaka akibisha hodi, mpe kwanza ugali dirishani, umtazame kama anakula. Nisalimie shemeji Nakiete, mkewe, ila usimwambie haya. Nisalimie pia baba mdogo Elinami anayetutunzia mbuzi, na dada Naelijwa na wanawe.

Nilitaka kuandika kwamba asipokula usimfungulie. Nimeshindwa. Huku kuna baridi alfajiri, Mama, naye ametembea mbali sana peke yake. Mfungulie.

Ni mimi mwanao,
Elieza