Nimeimwagia mchuzi JUU

Zenta, mwenzio nimeaibika, uso sijui niuweke wapi.

Si wakwe watarajiwa wamekuja kula leo mchana? Nikawapikia mguu wa nguruwe, masaa matatu kwenye oveni. Ngozi ikatoka na malengelenge, ukiigonga kwa kisu inalia ko ko ko, na mlio huo ndio sifa ya mpishi!

Mimi na kimbelembele changu nikaona imekauka mno, nikaimwagia mchuzi wa bia. Juu ya ngozi, Zenta. JUU!

Mama mkwe akagonga kwa kisu. Kimya. Akagonga tena. Kimya. Ngozi chapachapa.

Baba mkwe akavua kofia yake yenye unyoya, akaiweka kifuani kama yuko mazikoni.

Nikajua hapa ndoa hamna tena.

Mama mkwe akacheka mpaka machozi: "Mwanangu, Jumapili utapika tena. Ila bakuli la mchuzi nitalishika mimi."