Pingili za Mama na Harusi ya Vestina

Heru Juu,
S.L.P. 61,
Kasulu.
14 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Fidele,

Niwie radhi kwa kimya kirefu. Sikutaka kukuandikia habari nusu. Hamjambo huko Mtwara? Kifua cha mkeo kimepata nafuu? Sisi tu wazima, ila vumbi la kiangazi linatukohoza.

Vestina, binti wa dada yetu Claudine, ataolewa Kibondo mwezi ujao. Desturi unaijua: bibi harusi huondoka na mzigo wa pingili za mihogo kutoka shamba la mamaye. Za Claudine ni uzao wa zile ambazo mama yetu alizibeba kutoka Burundi, zimefungwa ndani ya kitenge.

Mihogo hiyo sasa inaumwa. Majani yanapendeza, lakini ukikata muhogo wenyewe, ndani ni wa kahawia na umekauka. Bwana shamba wetu, Elisante, ametueleza kuwa ni virusi vya michirizi ya kahawia. Huenezwa na inzi weupe, na zaidi na sisi wenyewe tunapopeana pingili. Dawa hakuna. Sharti shamba ling'olewe na kuchomwa, kisha ipandwe mbegu safi mvua zikianza.

Claudine alikataa. Alisema binti haendi ukweni mikono mitupu, na kwamba hatuna kingine mama alichotoka nacho Burundi. Nilimwambia kwamba tutakuwa tumempelekea Esteri, mama wa bwana harusi, njaa iliyofungwa kamba. Akaniuliza kama chuo cha ualimu kilinifundisha na kulima.

Juzi nilimpigia Esteri simu kumweleza ugonjwa huo, nikihofu ataona tumemdharau. Akasema: "Mkwe, hata yetu imeoza. Tuliona haya kuwaambia kabla ya harusi."

Nikampa Claudine simu. Walizungumza sana, mwishowe wakacheka. Jioni nilimkuta shambani akikata muhogo baada ya muhogo, akitafuta mzima. Hakuupata. Ameomba tumwache afikiri hadi Jumapili, nami sitamsukuma. Elisante amemwekea pingili safi zinazotosha nyumba mbili, ya Heru Juu na ya Kibondo. Leo asubuhi nimeona jembe la mama limetolewa darini.

Jirani yetu Nduwayezu anakusalimu. Wasalimie mkeo na watoto. Mungu awape afya na mvua ya wakati wake.

Claudine akishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Kaka yako akupendaye,
Tharsisi